Sura ya Tisa kwa Sauti Tatu

Basile aliweka programu tatu za kusomea vitabu ndani ya tableti ya Mzee Kasimiro Ladu, akamwambia achague moja.

"Muzee, hii kitu memori yake iko kidogo," alisema. "Enda kaa nazo juma moja. Ile utapenda itabaki, zingine nitatoa."

Basile alikuwa Mkongomani aliyehamia Arua zamani, fundi wa simu mwenye kibanda nyuma ya soko. Hakuwahi kumwekea mtu asiyeona programu za vitabu, na kazi hiyo ilimchangamsha. Alikishika kidole cha shahada cha Kasimiro, akakitembeza juu ya kioo. Kila kidole kilipogusa kitu, tableti ilikitaja kwa jina. Kuteleza kulia ni kwenda mbele. Kugonga mara mbili ni kufungua, au kusimamisha. Kasimiro hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alikuwa fundi wa simu za upepo jeshini miaka ishirini na mmoja, na vidole vyake vilikuwa bado na adabu ya kazi ile.

Tableti alikuwa amepewa na binti yake, Stella Kiden, mwalimu wa shule ya msingi huko Koboko. Stella ndiye pia aliyenunua kitabu cha kujaribia, riwaya ya upelelezi inayotokea ndani ya treni. Kasimiro aliichagua makusudi kwa sababu aliijua. Mwaka uliopita, presho ya macho ilipokwisha kumfungia mwanga wote, mkewe Agnes Keji alimsomea riwaya hiyo kwenye nakala ya karatasi, jioni baada ya jioni, mpaka mwisho. Wote wawili walikuwa watoto wa askari waliokulia kambini, na lugha waliyopendana, kugombana na kusomeana kwayo ilikuwa Kiswahili.

"Nikijua maneno," alimwambia Stella ndani ya gari wakirudi Koboko, "nitasikia sauti tu. Sitapotezwa na hadithi."

Programu ya kwanza aliijaribu asubuhi, amekaa barazani, tableti juu ya magoti. Ilikuwa na madaha. Kila ukurasa ulipofunguka ilitoa mlio wa karatasi, na Stella, aliyepita kabla ya kwenda shule, alimwambia kwamba kwenye kioo ukurasa ulijikunja kabisa kama wa kweli. Lakini mwisho wa kila ukurasa ilinyamaza ikingoja iguswe. Kasimiro aliona kama anasomewa na karani mvivu. Akaruka mbele mpaka sura ya tisa aliyoipenda, pale Mwanaidi, mpishi wa treni, anapomletea mpelelezi ufunguo uliofichwa ndani ya gunia la mchele.

Mwanaidi hakuleta ufunguo. Alisukumwa nje ya treni pale darajani, akafa.

Kasimiro akagonga mara mbili. Kimya. Alirudi nyuma kurasa mbili, akasikiliza tena. Mwanaidi akasukumwa tena.

Kwanza alifikiri mashine imechanganya sura. Basi akafungua programu ya pili. Hii ilikuwa na sauti ya mwanamke, laini, yenye kupumua kwenye koma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na kasoro yake moja ilikuwa kwamba haikusema neno bila mtandao. Koboko iko karibu na mipaka miwili. Saa nyingine minara ya ng'ambo inazidi ya huku, na mtandao unahama bila kuaga. Yule mwanamke alimfikisha Mwanaidi mlangoni mwa behewa, akaeleza jinsi upepo ulivyopeperusha aproni yake, halafu akakatika. Kasimiro alishika tableti juu ya kichwa, akatembea mpaka kwenye ua wa nyuma, akasimama karibu na banda la kuku. Sauti ikarudi palepale ilipoachia na kusema, kwa utulivu wa kutisha, kwamba mwili ulionekana kesho yake chini ya daraja.

"Unatafuta nini huko kwa kuku?" Agnes aliuliza kutoka jikoni.

"Mtandao," alisema.

Programu ya tatu ilikuwa na sauti ya bati. Haikujua kushangaa wala kusikitika. Ilisoma hata namba za kurasa na onyo la mchapishaji. Lakini haikuhitaji mtandao, na ilipoanza haikusimama. Kasimiro aliiacha ikasome sura ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Mwanaidi alizikwa stesheni iliyofuata. Ufunguo ulikutwa na mpelelezi mwenyewe ndani ya mfuko wa aproni ya marehemu. Mwanaidi hakutoa ushahidi mahakamani, na ile arusi ya mwisho, ambapo anapika pilau ya watu mia tatu na kumkaripia bwana arusi kwa kuchelewa, haikuwepo kabisa.

Kasimiro alikaa na jambo hilo siku mbili. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo, udadisi ulikuwa umeitangulia. Sauti tatu zilikuwa zimesema neno moja. Bado ilibaki njia nyingine: pengine kitabu kilichonunuliwa kilikuwa chapa tofauti. Jumamosi Stella alipokuja, akamwomba atoe nakala ya karatasi kabatini, afungue sura ya tisa, asome kwa macho yake.

Stella alisoma. Alipofika darajani akasita.

"Baba, si uliniambia huyu mama anapika pilau ya arusi mwisho?"

"Ndivyo nilivyosomewa."

Stella alifunua kurasa za mwisho, akazipitia kimyakimya, kisha akaanza kucheka, akajizuia. "Uliza Mama," alisema.

Agnes alikuwa uani akipepeta simsim kwenye ungo. Kasimiro alifuata mlio wa ungo mpaka akagusa kiti, akaketi.

"Mwanaidi alikufa sura ya tisa," alisema.

Ungo ukasimama.

"Nani amekuambia?"

"Apu tatu. Na Stella."

Agnes aliweka ungo chini. Kasimiro akasikia kuku wakija kudonoa simsim zilizomwagika, na Agnes asiwafukuze.

"Ile siku tulitoka hospitali ya Kuluva," alisema mwisho. "Daktari alikuwa ameshasema macho haiwezi kurudi tena. Tukafika nyumbani, ukakaa, ukaniambia, haya, soma. Nikafungua. Naona mama wa watu anatupwa nje ya treni. Nikasema moyoni, mimi hii siwezi kusoma leo. Nikampatia ufunguo mkononi, nikamwambia peleka."

"Siku moja tu?"

"Nilifikiri siku moja tu. Lakini kesho yake alikuwa bado yuko. Sasa mtu yuko, kitabu haina kazi yake. Kila sura namtafutia kazi. Mara apike, mara asikie watu wanasema siri, mara aende mahakamani. Kitabu kiliisha, Kasimiro. Mimi nikabaki nasoma wiki tatu kurasa ambazo hazipo."

Kasimiro alijaribu kukumbuka jioni zile. Jeshini aliweza kumtambua mtu kwa namna alivyogonga nukta na vistari vya simu ya upepo, akajua huyu ni fulani na leo hakulala. Na mke wake alikuwa amemdanganya zaidi ya wiki tatu, futi mbili kutoka sikioni mwake. Sasa alikumbuka kwamba tangu sura ya tisa Agnes alikuwa akisoma polepole zaidi na kufunua kurasa kwa kuchelewa. Alidhani ni uchovu.

"Ile arusi ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote," alisema.

"Ilinipa shida sana. Pilau ya watu mia tatu, nilikuwa sijui mchele ni gunia ngapi. Nilienda kuuliza Alphonsine, yule anapikia watu kwenye sherehe."

Hapo Kasimiro alicheka, na Agnes naye akacheka, akafukuza kuku. Lakini kicheko kilipokwisha, aliona limebaki jambo moja, na afadhali aliseme.

"Usinifiche kitu tena, Keji. Kama mtu amekufa, niambie amekufa. Mimi sioni, lakini si mtoto."

"Kwenye kitabu, ama kwa daktari?"

"Kote."

"Sawa," alisema Agnes. Kisha akaongeza, "Pole."

Jumatatu walikwenda wote wawili Arua. Basile alipoambiwa abakize programu ya tatu, alifikiri mzee amekosea kuhesabu.

"Hii ya bati? Muzee! Ile ya mwanamuke iko na sauti tamu."

"Sauti tamu inaniaminisha mambo," Kasimiro alijibu. "Hii haijui kutia chumvi. Ikisema kitu, najua ni kitabu kimesema. Tena iongeze mwendo."

Basile akaongeza. Akaongeza tena. Sauti ilikuwa sasa kama mvua juu ya mabati, na Agnes alisema hasikii hata neno. Kasimiro aliinamisha kichwa kidogo, akakunja uso kama mtu anayepokea ujumbe kutoka mbali, kisha akagonga mara mbili na kurudia aya yote kwa mdomo tangu mwanzo, Basile akiifuata kwenye kioo kwa macho. Alikosea neno moja.

"Mutu huyu!" Basile alisema, akaita jirani wa kibanda cha pili aje ashuhudie.

Nyumbani Kasimiro alianza kitabu kipya, habari za ndugu wawili wanaogombea shamba la chai. Mchana mmoja Agnes alikuja kukaa karibu naye akichambua mboga. Kwa heshima yake Kasimiro akapunguza mwendo mpaka sauti ya bati ikawa inatembea. Ndugu mdogo alikuwa ametia saini karatasi asiyoisoma, na sasa alikuwa anabisha hodi kwa wakili, na ilikuwa wazi kwamba wakili alikuwa amekwisha kununuliwa.

"Simamisha hapo," alisema Agnes.

"Kwa nini? Nataka kujua kilichompata."

"Kilichompata utakijua, kitabu kitakuambia chenyewe. Lakini mimi nikiwa yeye, hiyo mlango singebisha."

Kasimiro aligonga mara mbili, sauti ikanyamaza. Akageuka upande aliokaa mkewe.

"Ungeenda wapi?"