Karakana Zilizotawanywa

Deusdedit alifika Stockholm mwaka 1973 kusomea mipango ya viwanda, akapanga chumba katika kitongoji cha Bredäng. Kule Mwanza alikuwa ameacha ripoti aliyoiandika akiwa ofisa mipango: mafundi thelathini waliobanana kwenye mtaa mmoja watawanywe, kila mmoja apewe banda katika tarafa yake, ili maendeleo yawafikie watu wote. Mmoja wao alikuwa kaka yake, Ladislaus, aliyeunda mashine za kukoboa mahindi. Ladislaus hakutaka kuhama. Alikubali kwa kuwa aliyeshauri ni mdogo wake.

Aprili ya mwaka uliofuata, theluji ikiyeyuka, mwalimu aliwapeleka wanafunzi kwenye ua wa karakana kusini mwa jiji. Mzee mmoja alikuwa akiunda pampu, kipande kikamvunjikia. Hakuhamaki. Alivuka ua hadi kwa mkereza vyuma, wakaongea kidogo, akarudi na kipande kipya kabla kahawa yake haijapoa. Wanafunzi wengine waliandika, Deusdedit alisimama tu, kalamu mkononi. Kaka yake naye alifanya kazi hivyo hivyo: mwenye kalibu za kumiminia chuma mlango wa pili, mkereza ng'ambo ya barabara. Ukaribu huo Deusdedit, katika ripoti yake, alikuwa ameuita msongamano.

Juni akaja Agripina, jirani yao wa Mwanza, kwa mafunzo ya uuguzi. Deusdedit alimwandalia chai, akamwuliza habari za Ladislaus. Agripina aliweka kikombe chini. Akaeleza kwamba banda lilijengwa, tena la saruji, ila mkereza alipelekwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mashine iliyokuwa ikimalizika kwa wiki moja ikawa inachukua miezi miwili, na wateja wakachoka kungoja. Ladislaus alikuwa amefunga karakana na kurudi kijijini kulima pamba.

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema nikwambie banda ni zuri. Na kwamba usome kwa bidii."

Afadhali angemtukana.

Wiki hiyo Deusdedit aliandika ripoti ya kuikanusha ile ya kwanza, akaituma ofisini kwake. Jibu lilikuja Oktoba, la heshima tupu. Mtaa ule wa mafundi ulikuwa umekwisha kubomolewa na ghala likajengwa. Tena ripoti yake ya mwanzo ilikuwa imesifiwa, na mikoa miwili mingine ilianza kuifuata.

Aliisoma barua ile kituoni, amesimama, treni mbili zikampita. Alipofika chumbani alichukua karatasi, akaandika, "Shikamoo kaka." Hakuweza kuongeza neno.