Unguja, Si Pemba

Mwaka wa 1954 nilimwahidi mke wangu Tabea kwamba likizo ya Desemba tutakwenda kuiona bahari. Kahawa ilikuwa imetukubali, nami nilikuwa nimefundisha habari za bahari miaka tisa bila kulowesha unyayo. Nikaazima ramani ya shule, nikaitandaza mezani hapa kwetu Nkoaranga. "Chagua kisiwa," nikamwambia, mjinga mimi.

Hakutazama mara mbili. Akaweka kidole Pemba.

"Unguja ndiko kwenye mji," nikasema. "Au Mafia, kuna nazi tele."

"Nazi zina nini, Baba Ruth? Pemba yuko Yoeli."

Yoeli ni kaka yake, alikwenda huko kuchuma karafuu. Alikuwa amekufa kwa homa tangu Aprili. Mwenzake kazini, Omari, aliniandikia barua mimi, nami niliifungia kabatini shuleni.

Kwetu habari ya msiba haisemwi na mdomo mmoja. Unaita wajomba, wanamkalisha mtu chini, ndipo anaambiwa. Nilikusudia kuwaita. Lakini mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali, nikasema apone kwanza. Akapona, kahawa ikaiva, nikasema tuvune kwanza. Baada ya hapo nikaona haya. Ulikuwa woga tu, sitaki kujipamba.

Wiki nzima tulibishana. Mimi nilisema Pemba kuna mbu, Pemba meli zinayumba, Pemba hakuna cha kuona. Yeye alikuwa akimfumia Yoeli sweta.

"Nani anavaa sweta Pemba?" nilimuuliza.

"Asubuhi ni asubuhi popote," akajibu, akaendelea kufuma.

Siku alipomaliza mkono wa pili nilishindwa. Nikaenda mpakani mwa shamba, nikachuma jani la isale, nikalipiga fundo. Kwetu anayeletewa isale hana budi kusamehe, hata kosa liwe kubwa namna gani. Nikampa kwa mikono miwili.

Tabea alicheka. Alidhani naomba radhi kwa ubishi wangu. "Kwa kisiwa tu, Baba Ruth? Haya, nimekusamehe. Basi ni Pemba."

Sijapata kuona uchungu kama ule wa kusamehewa mapema.

"Si kisiwa, Mama Ruth. Ni barua. Yoeli hatunaye. Tangu Aprili."

Hakulia. Aliuliza kama ni Aprili ile tulipopanda maharage shamba la juu, nikasema ndiyo.

"Nilikuwa naimba siku zile," akasema. "Ukanisikiliza."

Akaliweka jani magotini pangu. Isale hairudishwi, sijawahi kuona ikirudishwa, wala kusikia. Kisha akaikunja sweta, akaibana kwapani, akashika njia ya kwa mama yake kwenda kumwambia, peke yake, bila mjomba hata mmoja.