Amri Mbili Juu ya Bwawa

Mtambo wa kuruka na kupiga mbizi uliondoka mezani wenyewe, ukapaa, ukaenda moja kwa moja hadi katikati ya bwawa la majaribio. Hapo ukagoma. Ulishuka hadi kiganja kimoja juu ya maji, ukapanda, ukashuka tena, kama kuku mwenye kiu anayeogopa kulowa.

"Huo una nini leo?" aliuliza mkurugenzi, mikono nyuma. Alikwishasema: usipozama na kuibuka asubuhi hii, bila mtu kushika rimoti, karakana yao watapewa mafundi wa friji.

Mkuu wa mradi aliwageukia wanaume wake wawili. Mumewe alishughulikia kuzama. Mdogo wake wa kiume alishughulikia kuruka. Mwaka mzima mashemeji hao walikuwa wakivutana, huyu akiongeza vyuma tumboni mwa mtambo ili uzame, yule akivinyofoa ili uruke. Na yeye katikati yao, kazini na nyumbani.

"Nani kagusa programu jana?"

Mumewe akajifanya anafuta miwani.

"Nauliza vizuri kwa mara ya mwisho."

"Dada, niliongeza amri ndogo tu," alisema mdogo wake. "Usikaribie maji. Wiki iliyopita si shemeji aliuzamisha ukajaa maji hadi kooni?"

"Usikaribie maji! Chombo cha kupiga mbizi!" dada mtu alimaka.

"Nilijua tu huyu," mumewe akadakia. "Ndiyo maana na mimi nikaweka yangu: ukishazama, usitoke mpaka uruhusiwe."

"Uruhusiwe na nani, baba watoto?"

"Na mimi."

"Halafu tunasema unajiendesha!" Kichwa kilitaka kumpasuka. Watoto aliowazaa amewaacha nyumbani wakigombania sabuni. Hawa hata hakuwazaa. "Sogeeni."

Akavuta kompyuta, akafuta amri ya mdogo wake, akafuta na ya mumewe. Wote wawili wakafungua midomo. Akawanyooshea kidole, wakaifunga.

Mtambo ukakunja mapanga yake ya kurukia, ukatumbukia. Maji yakatulia. Yakazidi kutulia. Mkuu wa mradi akashika ukingo wa meza. Mara upande wa pili maji yakapasuka, mtambo ukaibuka, ukaruka, ukatua mezani ukichuruzika.

Mkurugenzi akacheka. "Haya, karakana bakini nayo. Ni akili ya nani hii?"

"Yangu," walisema mashemeji kwa pamoja.

Mkuu wa mradi akabadilisha nywila ya programu papo hapo, kisha akawatupia taulo moja.

"Ukausheni. Na ole wenu niwasikie mnaligombania."