Wali Ukichelewa Kupoa

Kila Jumamosi asubuhi Bibi alipangusa meza ya jikoni, Baba akaleta mabaki ya bati kutoka karakana yake ya masanduku, na Sisimizi akasimama mbele ya ramani ya dunia. Huyu alikuwa binti wa pekee wa nyumba ile, na jina hilo alipewa kwa sababu sukari haikai mahali alipo. Alifumba macho, akaweka kidole. Kidole kikiangukia baharini, anarudia. Kikiangukia nchi, siku hiyo hupikwa chakula cha nchi ile na kutengenezwa kitu kimoja cha mikono cha huko. Kitu hicho hutundikwa kwenye msumari wa mlango wa uani. Sufuria huepuliwa na kufunuliwa, na mlango ukifunguliwa, badala ya kamba ya nguo kuna nchi yenyewe.

Japani waliviringisha wali kwenye mwani, wakakunja ndege wa karatasi, wakaona kituo cha treni. Mzee mwenye kofia aliwainamia, nao wakamwinamia, naye akainama tena, mpaka kiuno kikamshika Bibi. Norwei ilikuwa supu ya samaki na soksi za kufuma. Theluji iliingia jikoni na Bibi akagomba, maana alikuwa ametoka kupiga deki. Meksiko Baba alivuka kizingiti kuulizia bei ya bati, akanogewa na mazungumzo, chakula kikapoa. Chakula kikipoa kila mtu hurudishwa alikotoka, na kukipasha moto hakusaidii, Bibi alishajaribu. Baba alirudi kwa kuvutwa shati, kandambili yake moja ikabaki huko.

Nchi moja tu waliiruka. Kidole kikiigusa, Sisimizi husema ni bahari. Mama alikuwa huko, akifanya kazi za ndani. Mkataba wake ulikuwa umeisha tangu mwaka jana, lakini bosi alikuwa amefungia pasipoti yake kabatini. Baba aliogopa mlango ufunguke kwenye mtaa wowote tu, mtoto aone nchi nzima isiyo na mama yake.

Jumamosi moja Sisimizi alifumbua macho, akachagua akiona.

"Leo hapa," alisema.

Bibi akauliza, "Sasa mjukuu wangu, huko wanatengeneza nini kwa mikono?"

Hakuna aliyejua. Kwenye simu Mama hakuwahi kusimulia vikapu wala mazulia ya huko. Alisimulia funguo: za friji, za geti, za kabati, zote kiunoni mwa bosi, zikilia kila akitembea. Basi Sisimizi akachukua kopo la maziwa na mkasi wa Baba, akakata funguo, akazitunga kwenye waya. Bibi akapika wali wa zabibu kavu kama Mama alivyouelezea, maana Mama aliupika kila siku na kuula mara chache.

Funguo zikatundikwa, sufuria ikafunuliwa. Nje ya mlango kulikuwa na jiko kubwa jeupe, na Mama ameinama anasugua oveni.

"Mbona mmechelewa?" akasema. Akavua glavu, akavuka kizingiti.

Alikula sahani mbili. Alimwambia Baba amekonda na Bibi amenenepa, na wote wawili walifurahi kusikia hivyo. Kisha akamkalisha Sisimizi katikati ya miguu yake, akaanza kumsuka, akisema kichwa kile ni aibu ya ukoo mzima. Sisimizi alicheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia achague.

Baba alikuwa ameshavuka, anachungulia kabati la upande wa pili. "Kitasa hiki nakifungua kwa msumari."

"Na wali ukipoa mimi nitakuwa wapi?" Mama akauliza. "Hapo hapo ulipo, kabati limevunjwa na polisi getini. Hebu njoo ule."

Baba akarudi, akala.

Bosi akaingia, funguo zikilia. Alitazama mlango uliotokeza ukutani kwake na watu waliokuwa mezani. "Mlango huo unapoteza ubaridi wa kiyoyozi," alisema.

Bibi alimkaribisha kwa adabu zote, akampakulia. "Mwanangu, mkataba wa mkwe wangu umeisha. Tunaomba pasipoti yake."

"Iko salama," bosi akajibu kinywa kimejaa. Aliusifu wali, akarudisha sahani tupu, akaenda zake.

Baba alivua koti, akaifunika sufuria. Bibi akaongeza blanketi, Sisimizi akataka waongeze na godoro, wakaongeza. Lakini wali ni wali. Ulipopoa, Mama alikuwa amefika katikati ya kichwa. Kitana kilianguka sakafuni, na mlango ukarudia kamba ya nguo.

Jioni ile Baba alianza kutengeneza sanduku la bati lenye kuta mbili, katikati akajaza pumba za mpunga, la kutunzia joto la sufuria. Alifanya kazi akipiga mluzi, jambo ambalo majirani walikuwa wamelisahau. Bibi alibandua ramani, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuchagua. Alitaka pia kumalizia ile nusu ya nywele, lakini Sisimizi alikataa katakata.

Jumatatu mwalimu aliuliza kwa nini amesukwa nusu kichwa.

"Mama yuko kazini," Sisimizi akajibu. "Atamalizia Jumamosi, wali ukichelewa kupoa."