Miguu Nje ya Blanketi

Jina lilikuwa la tatu kwenye orodha ya upasuaji ya Jumatatu, na Lemein alilisoma mara mbili kama mtu anayekagua tiketi ya bahati nasibu. Simel, miaka thelathini na nne, mkazi wa Kajiado. Amerushwa ukutani na fahali soko la mifugo. Mbavu nne zimevunjika, damu imeganda kifuani. Afunguliwe kifua.

"Mungu ni mwema," Lemein akasema kwa sauti.

"Wakati wote," akajibu Mutheu, dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akipita na kikombe chake cha chai. "Nini imetokea?"

"Hakuna. Nashukuru tu."

Lemein alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ndogo ya kibinafsi pale Kitengela. Kazi yake ilikuwa kulaza watu, kuwaamsha, na kuhakikisha wakiamka hawalilii mama zao. Alikuwa hodari. Lakini kwao Kajiado hakuna aliyemwita daktari. Walimwita Kidole.

Miaka kumi na nane nyuma, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio, yeye na Simel walitahiriwa kwa mila ya Kimaasai katika boma moja, mmoja baada ya mwingine. Masharti mnayajua: hulii, hukunji uso, hupepesi jicho. Lemein hakulia. Uso wake ulikaa kama ukuta. Lakini kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilitikisika, mara moja, kidogo tu. Wazee hawakuona. Mama yake hakuona. Aliyeona ni Simel, aliyekuwa kando akingoja zamu yake, na Simel alizaliwa na mdomo wenye ukubwa wa spika ya mkutano wa injili. Kufika jioni hata mbuzi walikuwa wamepata habari.

Jina likamfuata. Lilienda naye chuo cha udaktari. Siku ya harusi, emsii alimkaribisha bwana arusi Kidole mbele ya wakwe. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha rika lao, Simel alikuwa akimtumia picha za vidole kila sikukuu, Krismasi vikiwa na kofia nyekundu. Lemein alicheka na wengine, maana ukikasirika ndio unajimaliza kabisa.

Halafu mwezi uliopita binti yake Naisenya, aliye gredi ya tatu, alirudi nyumbani na maandishi ya kalamu nene mgongoni mwa begi: BINTI YA KIDOLE. Mwandishi alikuwa binti wa Simel, anayekaa dawati la nyuma. Lemein alisugua begi kwa spiriti ya hospitali mpaka rangi ya begi ikatoka. Jina lilibaki. Naisenya alilivaa begi kifuani wiki nzima ili watu wasisome, na Lemein akiwa amesimama mlangoni akimwangalia anavyotembea hivyo, aliapa kwamba Simel atalipia. Hakujua kwa njia gani. Basi fahali akajitolea.

Lakini kazi ni kazi. Katika chumba cha upasuaji, Simel akiwa amelala fofofo, Lemein alichukua ile mashine ya picha wanayoangalizia wajawazito, akaipitisha mgongoni, akaona mfupa, akaona msuli, akapeleka sindano chini ya msuli taratibu na kuacha pale mrija mwembamba kama uzi wa nailoni. Dawa ya ganzi ikipita kwenye mrija ule husambaa hadi kwenye neva zinazozunguka mbavu, na upande wote huo unanyamaza. Mtu anapasuliwa kifua, anaamka anaitisha chapati. Dawa huongezwa kila baada ya saa sita, na si ya anasa. Aliyepasuliwa kifua akiumwa hakohoi, havuti pumzi hadi chini, mapafu yanajaa uchafu, nimonia inaingia, na jamaa wanaanza kuulizana bei ya jeneza.

Aliuweka mrija vizuri kuliko siku zote. Hakutaka Simel apate hadithi nyingine.

Jumanne saa sita mchana wakaja wanarika, watu watano wakiongozwa na Lesiamon, mkubwa wa kikundi chao, fimbo zao zikiwa zimeachwa kwa askari wa geti. Walimkuta Simel ameketi kitandani kama chifu siku ya baraza.

"Sopa, Simel!"

"Ipa! Karibuni muone maajabu. Wamenipasua kutoka hapa mpaka hapa, kama mbuzi ya sherehe. Sasa angalieni uso yangu. Kuna kitu mnaona?"

"Hakuna," Lesiamon akakiri.

"Asubuhi nimekohoa, nikacheka. Ati wengine wanapiga nduru! Uchungu ni ya watu wenye hawajalelewa."

Mutheu, aliyekuwa amemshikia mto wa kukumbatia anapokohoa, alifungua mdomo aeleze habari ya mrija. Kabla hajasema, Lemein akaingia na trei yenye sindano ya saa sita.

"Ooooh!" Simel akapasuka kwa kicheko. "Kumbe ni wewe! Wazee, mnaona nani ananichunga? Kidole mwenyewe!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kwa nini Kidole. Simel akamweleza, kutoka mwanzo, akitumia mguu wake mwenyewe kuonyesha kidole kilivyotikisika. Wodi nzima ikacheka, hata mama wa usafi akaegemea fimbo ya deki yake.

Na hapo hapo Lemein aliuona mpango wote umejipanga, kama chakula kilichokwisha pakuliwa.

"Simel," akasema kwa upole wa mhubiri, "hii dawa ni ya wenye wanasikia uchungu. Wewe unasikia?"

"Mimi?"

"Naona husikii. Niweke ama niache?"

Wanarika wakamgeukia Simel.

"Rudisha hiyo kitu kwa wodi ya watoto," Simel akasema.

Lemein akaleta fomu ya kukataa matibabu. Akaisoma yote, kila sharti, kwa Kiingereza, mwendo wa ambulensi. Simel akatia sahihi kubwa yenye mkia. Lemein akamwachia panadol ya mshipa iendelee kudondoka, maana yeye si muuaji, akafunika sindano kwa kitambaa na kutoka nayo.

Mutheu alimfuata koridoni. "Umemwambia ni hiyo dawa imemshikilia?"

"Iko kwa fomu."

"Lemein. Yule haelewi Kiingereza ya fomu."

"Ni mtu mzima. Amesaini mbele ya mashahidi watano."

Wanarika walisema wanaenda kula nyama, watarudi saa kumi na moja kuaga. Lemein akajiandaa kuwapokea. Aliomba benchi liwekwe upande wa miguu ya kitanda. Kisha akaenda kweli wodi ya watoto, akarudi na blanketi lenye picha za sungura, akambadilishia Simel. Lilimfika chini ya magoti. "Kuna joto leo," akamweleza.

Saa tisa Simel aliacha hadithi. Saa kumi alikataa chai. Saa kumi na moja alikuwa akiangalia dari kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa hapo kwa herufi ndogo. Wanarika wakaingia, midomo iking'aa mafuta, wakaketi kwenye benchi wakitazamana na vidole kumi.

Lemein alisimama kando na trei yake iliyofunikwa.

"Haya Simel, tukohoe," Mutheu akasema, akimpa mto.

Simel akakohoa. Nusu kikohozi. Na uso wake? Tuli kabisa. Hata unywele wa nyusi haukusogea. Alikuwa mwanaume kweli, shenzi yule. Lakini chini kule, nje ya sungura, kidole gumba cha mguu wa kulia kiliinuka, kikasimama, kikaanza kutetemeka. Si mara moja. Kilitetemeka kama simu iliyowekwa kimya na mtu anapiga bila kukata.

Hakuna aliyecheka. Lesiamon alivua kofia yake taratibu, akaiweka gotini.

Kwa miaka kumi na nane Lemein alikuwa ameingoja nafasi hii, na sasa aliitafuna polepole bila kumeza. Kilichobaki ni Simel aombe. Aombe kwa mdomo wake ule ule, mbele ya rika. Lemein akangoja.

Simel hakuomba. Aliacha tu kukohoa. Akaanza kuvuta pumzi ndogo ndogo za juu juu, kama kifaranga aliyenyeshewa. Kwenye mashine ya ukutani, hesabu ya hewa kwenye damu ikaanza kushuka. Tisini na nne. Tisini na moja. Themanini na tisa.

"Kohoa, Simel," Mutheu akasema, akimfunika pua na mdomo kwa barakoa ya oksijeni. Simel akatikisa kichwa. Mutheu hakuangalia mashine. Alimwangalia Lemein.

Hapo ndipo Lemein alipoona kosa la mpango wake. Huyu mjinga anaweza kufa hivi hivi. Atakufa bila kukunja uso, watu watachinja ng'ombe, watasema hapo palikuwa na dume, na Kidole atabaki Kidole mpaka kaburini, tena mwenye damu mikononi.

Themanini na nane. Akainama sikioni kwa Simel.

"Sikiliza. Jana na leo asubuhi, si ushujaa ulikushikilia. Ni hii dawa. Mimi ndio nilikuwekea mrija huko mgongoni, na dawa inaongezwa kila baada ya saa sita."

Macho ya Simel yaligeuka. "Ulijua... itaisha?"

"Nilijua."

"Mbwa wewe."

"Niweke ama nisiweke?"

Themanini na saba. Mashine ikaanza kulia.

"Weka," Simel akanong'ona.

"Wazee hawajasikia."

"Lemein!" Mutheu akafoka, na mbele ya benchi zima akamsukuma begani.

"Weka," Simel akasema kwa sauti iliyofika kwenye benchi. "Weka, Lemein."

Jina lake lenyewe, mara ya kwanza tangu wakiwa na miaka kumi na sita. Lemein alikuwa ameshafungua kizibo cha mrija kabla halijaisha kutamkwa. Dawa ikaingia. Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika ishirini, kidole kikalala. Simel akakumbatia mto, akakohoa hadi chini kabisa, akatoa kohozi jeusi la damu ya kale, na zile namba zikaanza kupanda.

"Themanini na saba," Mutheu alimwambia baadaye kwenye sinki. "Na sindano iko mkononi mwako. Ukirudia hiyo, ripoti nitaandika mimi mwenyewe."

Lemein akafungulia maji zaidi, akasugua mikono hadi viwikoni. Moyo, lakini, ulikuwa ukiimba, na hakuona sababu ya kuunyamazisha.

Kesho yake alimweleza Simel kila kitu upya, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, polepole, mstari kwa mstari, jambo ambalo lilikuwa haki ya mgonjwa na pia adhabu nzuri. Na kila siku saa sita mchana, wodi ikiwa imejaa wageni, alisimama mlangoni na trei. Nesi yeyote angeweza kufanya hiyo kazi. Alikataa kumwachia mtu.

"Niweke?" anauliza kutoka mbali.

"Weka, Lemein," Simel anajibu, akiangalia dirisha.

Jumamosi mrija ukatolewa. Wanarika walikuwa kwenye benchi lao, na lile blanketi la sungura lilikuwa bado kazini.

"Baba Naisenya," Simel akasema kwa sauti ya chini, "nifunike miguu."

Lemein akatoa simu. Akafungua kikundi cha rika, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaisogeza simu mdomoni mwa Simel, mdomo ule wa spika. Simel aliiangalia sana. Aliangalia benchi. Lesiamon alikuwa ameinama akichunguza viatu vyake.

"Huyu mtu anaitwa Lemein," Simel akasema. "Na binti yake anaitwa Naisenya. Hata huko shule. Binti yangu nitaongea na yeye mimi. Mwenye ako na ingine ya kusema, akuje aniulize mimi habari ya kidole."

Lemein akatuma. Akangoja mpaka tiki zikawa mbili, simu ikarudi mfukoni. Akashika ncha ya blanketi, akalivuta kwa uangalifu mkubwa kama anayemfunika mtoto aliyelala, na kufunika mguu wa kushoto vizuri, mpaka kwenye kisigino.

"Na hii ya kulia?" Simel akauliza.

"Blanketi ni fupi," akasema Lemein, akaenda kula.