Pinki ya Mama Générose

Miaka kumi na tisa nimewafundisha walimu wa Kicukiro kitu kimoja: pinki ya kweli ni ile unayoiona kwa shida. Unafungua koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo, alkali inashuka tone kwa tone, mpaka asidi iliyo kwenye chupa, yenye matone ya kiashiria, ibadilike rangi kidogo tu. Tone moja likizidi, jaribio limeharibika, mwaga uanze upya. Nimewamwagisha watu wazima mpaka wakanichukia. Na wanichukie!

Lakini tangu Pasaka mkono wangu wa kulia unatetemeka. Daktari amesema hautapona. Sikumwambia mtu, hata Harriet aliyeniandalia maonyesho ya Jumamosi mbele ya walimu, maana bila mkono huu mimi ni nani? Kikongwe wa kukaa nyumbani Busanza kutazama mvua? Nikajiapia: nikiweza Jumamosi, naendelea. Nikishindwa, nawaambia ukweli, nawaaga.

Jumamosi ukumbi wa Niboye ulijaa, walimu wamekaa, wazazi wamesimama nyuma. Nikamwomba Bikira Maria, nikashika koki. Mkono ukaruka. Alkali ikamiminika, na chupa ikaiva rangi kama maji ya bitiruti.

Wakapiga makofi! Wakasimama kabisa, simu juu, wanapiga picha upuuzi ule. Nikafungua mdomo niseme nimekosea.

"Madamu," akauliza Ndayisaba, mwalimu mgeni kutoka Gahanga, "rangi ya mwisho ndiyo hiyo?"

"Ndiyo," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo.

Nikamwita aje ajaribu yeye, angalau mimi nipate kukaa. Looo, mkono wa yule bwana! Umetulia tuli. Tone, tone, akafunga koki, akatikisa chupa, na pinki ikabaki: hafifu, safi, ile ile niliyoipigania maisha yangu yote. Nilitaka kulia kwa furaha.

Akaiinua karibu na yangu, akalinganisha. Watu wakaguna.

"Samahani, madamu," akasema kwa aibu, "yangu bado haijafika."

Sema, Générose! Sema sasa hivi! Ndayisaba akafungua koki tena, akamimina mpaka chupa zetu zikafanana, na walimu wote wakainama kuandika.

Harriet akageuka kunitazama. Upesi nikaanza kumpigia Ndayisaba makofi, kwa nguvu, sikutaka kuacha, maana mkono ukipiga makofi hakuna anayeona kwamba unatetemeka.