Usiku wa Jumatatu

Abdulkadir, afisa wa idara ya afya, aliweka kalenda ya pamoja kwenye seva ya barua pepe ya idara, kisha akawafokea watu: marufuku kuagiza boti ya wagonjwa kwa maneno ya mdomo! Alichokitia yeye akiwa ofisini mjini Amu kilionekana papo hapo kwenye simu ya muuguzi wa Siyu na ya nahodha wa boti. Kisichokuwemo, hakipo.

Jumamosi shangazi yake, Bi Mwanamkisi, alimpigia kutoka Siyu. Mkewe mwanawe, Zamzam, alitakiwa akazalie hospitali.

"Boti iye usiku wa Jumatatu, mwanangu."

Miaka ya Nairobi ilikuwa imemharibu Abdulkadir. Mtoto yeyote wa Siyu ajua kwamba usiku huitangulia siku yake, na usiku wa Jumatatu ni Jumapili jua likishatua. Yeye akatia Jumatatu, saa mbili usiku, na kikumbusho cha alasiri.

Jumapili magharibi Zamzam alikalishwa gatini, uchungu umeshamshika. Boti haikuja. Muuguzi akampigia nahodha.

"Kalenda yasema kesho," nahodha akajibu. "Siing'oi nanga nikafukuzwa kazi."

Abdulkadir alikuwa amezima simu, amepumzika.

Jumatatu alasiri walimzika Zamzam na kitoto chake. Sheikh alikuwa katikati ya dua simu tatu zilipolia kwa pamoja makaburini: ya muuguzi, ya nahodha na ya Abdulkadir.

*Boti ya Zamzam, usiku huu. Mgonjwa awe tayari.*